Mama Larona wa Nyumba Namba Nne

Jumatatu, 13 Januari

Daktari anasema presha yangu inapanda kwa sababu mambo nayaweka kifuani, niwe nayaandika. Tiro alicheka palepale mbele ya daktari. "Huyu mke wangu? Aweke jambo kifuani?" Nikitoka kazini kwangu, duka la miwani, nimenunua daftari na kalamu mbili. Tiro sijamnunulia kitu.

Shule zimefunguliwa leo. Wame wangu ameingia darasa la saba. Mwalimu Moagi wa kwaya ametutangazia wazazi kwamba mashindano ya shule za Gaborone ni mwisho wa Machi, na mwimbaji wa mbele atakuwa mmoja, kutoka darasa la saba. Mmoja. Nikageuka kumtazama Mama Larona. Alikuwa ameshageuka kunitazama mimi.

Joto. Mvua hakuna tangu Novemba.

Jumanne, 14 Januari

Niandike vizuri ni nani huyu, nikisoma tena uzeeni nisije nikamwonea huruma. Jina lake Keneilwe. Anakaa namba nne, sisi namba tano, ukuta mmoja katikati. Mtaa wetu ni kipande cha barabara kisichoendelea popote, nyumba saba na mageti saba ya umeme. Mume wake yuko mgodini Jwaneng, anarudi Ijumaa. Mtoto wake Larona na Wame wangu walizaliwa wiki moja. Wa kwake alitembea mapema. Wangu alisema mapema. Larona alipoota meno, mama yake alimleta kwangu amfungue kinywa nione.

Jumamosi, 18 Januari

Maonyesho ya keki shuleni, kuchangia sare za kwaya. Nimeshinda! Nimepewa aproni yenye maua. Mama Larona amekuwa wa pili. Akanipa mkono, akaniambia, "Hongera, Mama Wame. Keki nzuri mno, kama ya dukani."

Daftari ni langu peke yangu, basi niseme: ni ya dukani. Niliikwangua juu kwa uma ionekane imepakwa na mkono wa binadamu.

Jumatatu, 20 Januari

Nimekuta bahasha kwenye sanduku letu la barua getini. Karatasi moja, herufi kubwa zilizonyooka kama zimepigwa rula:

KEKI ILE HUKUIOKA WEWE. UNAJUA, NAMI NAJUA.

Nikakaa juu ya ukingo wa bustani. Nilipoinua macho, pazia la namba nne lilitikisika.

Nimeikunja ndani ya soksi ya zamani ya Tiro. Jioni mama mkwe akaniuliza mbona sili. Nikamwambia joto.

Jumanne, 21 Januari

Saa tisa alasiri gari la Mwalimu Moagi limesimama namba nne. Limeondoka saa kumi na moja. Mwalimu ametoka na mfuko mkononi, anatabasamu.

Jumatano, 22 Januari

Joto. Sikulala vizuri.

Jumanne, 28 Januari

Gari tena. Saa tisa hadi saa kumi na moja. Mfuko tena.

Wame amerudi shuleni anasema Larona ameimba wimbo wote bila kukosea na mwalimu amempigia makofi. Nikamuuliza, "Na wewe ulikuwa unafanya nini?" Akasema, "Nilikuwa napiga makofi, Mama." Nimefoka. Nimemwambia watoto wa watu wanatafuta, yeye anapiga makofi. Akaenda kukaa barazani na bibi yake.

Alhamisi, 30 Januari

Bahasha ya pili.

KUMFOKEA MTOTO KWA KUWA MWENZAKE KAIMBA VIZURI SI MALEZI.

Amesikiaje? Niliyafunga madirisha yote! Tiro anasema nikifoka hata Lobatse wanasikia. Sikumwonyesha barua, nilimuuliza tu kwa mbali kama kuta zetu ni nyembamba.

Jumanne, 4 Februari

Nimesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya nyumba, nikachungulia juu ya ukuta. Mwalimu Moagi alikuwa amekaa na Mama Larona mezani barazani, chai katikati yao, wanaandika kitu kwenye karatasi. Wanacheka. Mama Larona akamsukumia bakuli la maandazi; yaliyobaki ndiyo huingia mfukoni.

Kwa hiyo ndivyo nafasi ya mbele inavyopatikana. Kwa maandazi.

Jumatano, 5 Februari

UNACHUNGULIA JIRANI UKIWA JUU YA NDOO. UTAANGUKA.

Nimeisoma mara nne. Mtu huyu ananiona. Nikienda jikoni nahisi nina macho mgongoni. Nimenunua kufuli jipya. Nimemwambia mama mkwe asiwe anatoka kutembea peke yake asubuhi, mtaa umeharibika. Akasema magoti yake yanataka mazoezi na mtaa anauona ni ule ule.

Nimwandike na yeye. Alikuwa mwalimu mkuu Maun miaka thelathini na mmoja. Alipofiwa na mumewe mwaka jana, Tiro akamleta akae nasi. Hana maneno mengi. Anakaa barazani na fimbo yake na redio, saa nne anazunguka mtaa mara mbili, anarudi anaomba chai. Ni mtu wa kimya. Afadhali nina mtu mmoja wa kimya katika nyumba hii.

Jumanne, 11 Februari

Nimeanguka.

Ndoo iliteleza. Nimechubuka kiwiko na nyonga imevimba. Nilipokuwa chini, kichwa cha Mama Larona kikatokeza juu ya ukuta. Sijui yeye alikuwa amesimama juu ya nini.

"Mama Wame! Vipi huko?"

"Napalilia," nikasema.

"Kwa mgongo?"

Nilisikia mwanaume akicheka nyuma yake. Mwalimu.

Jumatano, 12 Februari

Mwalimu Moagi ametangaza: Larona ataimba mbele.

Wame amekula chakula chake chote na ameomba kiongezwe. Mimi sikula.

Nimeandika barua kwa mwalimu mkuu wa shule, kwa mkono wa kushoto, bila jina. Nimeandika nilichokiona kwa macho yangu: kila Jumanne, saa tisa hadi saa kumi na moja, namba nne, mfuko. Nikanywa chai. Nikarudi nikaongeza sentensi moja: "Na siku zote hizo mume wa nyumba ile yuko mgodini."

Ilisomeka vizuri ile sentensi. Nimeitia posta.

Ijumaa, 14 Februari

Mawingu mchana kutwa. Hayakuangusha kitu.

Jumatano, 19 Februari

Mwalimu Moagi amesimamishwa kazi mpaka bodi ya shule ichunguze. Mazoezi ya kwaya hakuna. Wame ametoka garini analia. "Amefanya nini, Mama?" Nikasema watu wazima watajua.

Nilifikiri nitafurahi. Nilifurahi kuanzia getini mpaka jikoni.

Jumamosi, 22 Februari

Mume wa Mama Larona alirudi jana. Leo asubuhi sauti zao zimepita juu ya ukuta. Sikuhitaji ndoo. Alikuwa anauliza, "Kila Jumanne? Kila Jumanne, Keneilwe, na mtaa mzima unajua?" Yeye akasema, "Unajua ni kwa nini! Nilikwambia kwenye simu!" Kisha mlango. Kisha Larona ametoka na baiskeli yake, akazunguka mtaa, akazunguka, akazunguka, mpaka Wame akamwendea.

Mama mkwe alikuwa barazani amezima redio. Alinitazama muda mrefu. Nikaingia ndani kupanga kabati ambalo lilikuwa limepangwa.

Jumatatu, 24 Februari

Mvua! Imeanza saa nane mchana kama lori la kokoto limemwagwa juu ya bati la gereji. Watoto wote wa mtaa wako barabarani. Hata Tiro ametoka na shati la kazi. Mimi nimesimama mlangoni. Mama Larona naye alikuwa mlangoni kwake. Hakuna aliyempungia mwenzake.

Jumapili, 2 Machi

Leo niandike yote, hata kama kalamu itaisha.

Mama mkwe alienda kanisani na Tiro. Mimi nilibaki na nyonga yangu. Nikasema nimbadilishie mashuka. Nilipoinua godoro, chini yake kulikuwa na daftari la mahudhurio, lile la shule, lenye mistari myekundu, na rula, na bahasha nyeupe zimefungwa kwa mpira.

Nikalifungua. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi zile zile zilizonyooka:

Namba moja: anamwagilia bustani kwa bomba wakati wa katazo la maji. Barua mbili. AMEREKEBIKA.

Namba mbili: anamwambia mkewe yuko ofisini, yuko garini nyuma ya kanisa analala. Barua moja. AMEREKEBIKA.

Namba tatu: mbwa hapewi maji. Barua moja. AMEREKEBIKA, NA MBWA AMENENEPA.

Namba nne: anabadilisha mapazia kila mwezi ili jirani aumie. Barua mbili. ANAJITAHIDI.

Namba tano: keki, kufoka, ndoo. Barua tatu. HASIKII.

Namba tano ni mimi.

Nilikaa juu ya godoro lisilo na shuka mpaka gari liliporudi. Mama mkwe akaingia, akaona daftari mapajani mwangu, akavua kofia yake ya kanisani taratibu na kuiweka mahali pake.

"Umelisoma," akasema.

"Ni wewe, Mama?"

"Ni mimi."

"Nilidhani ni mtu anataka kuniua!"

"Mwanangu, miaka thelathini na mmoja, mtoto akiiba chaki, simwiti mbele za watu. Namwandikia kikaratasi: najua. Kesho chaki imerudi, na hajaaibika. Mtaa mzima wamerudisha chaki. Wewe ukanunua kufuli."

"Kwa nini hukuniambia kwa mdomo?"

Akasema, "Lini? Tangu nimefika humu ndani unaniuliza mambo mawili: nimekula, na nimemeza dawa. Nilipokuandikia ndipo ulipoanza kunitazama usoni ukiwa unahangaika. Nikaona afadhali hivyo."

Nikasema tu, kujitetea, kwamba angalau Mama Larona alistahili, kwa sababu ya mwalimu na Jumanne zake.

"Jumanne gani?"

"Mwalimu Moagi. Anakuja kila—"

"Mwalimu Moagi anamposa Tebatso, mdogo wake Keneilwe, yule muuguzi aliyeko Francistown. Wazazi wao hawapo, dada mkubwa ndiye anayempanga kijana: aseme nini kwa wajomba, alete nini, aje na nani. Waliandika orodha ya wazee pale barazani wiki tatu. Mtaa mzima unajua. Nilidhani na wewe unajua, macho yako yalikuwa juu ya ukuta kutwa. Unawapimia watu miwani, Segametsi, wewe mwenyewe unaona nini?"

Nikamwambia kuhusu barua yangu. Nilipofika kwenye ile sentensi ya mwisho, aliketi.

"Wajomba wao huko Kanye wamesikia," akasema. "Wameahirisha kupokea posa. Wanasema hawamtoi binti yao kwa mwanaume anayeingia nyumba za wake za watu. Keneilwe amelia leo mbele ya kanisa." Akaliangalia daftari lake. "Nimekuwa nikijiuliza ni nani angeandika kitu kama kile. Nilikwisha kupita nyumba zote, sikupata. Yako sikuiweka hata kwenye orodha."

Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko HASIKII.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda shuleni. Mwalimu mkuu alinisikiliza akiwa amevua miwani, miwani niliyomtengenezea mimi. Nimeandika upya, kwa mkono wa kulia, na jina langu chini. Mwalimu Moagi anarudi Jumatano. Nilimkuta kwenye veranda ya ofisi, ameitwa. Nikamwomba radhi. Alisema, "Nimekusikia, Mama Wame." Akafungua mlango ili nipite. Angenitukana ningepumua vizuri zaidi.

Kisha namba nne. Nimebonyeza kengele ya geti. Mvua ilikuwa ndogo lakini haikatiki. Mama Larona alifungua geti kidogo, upana wa mwili mmoja, akasimama katikati.

Nikasema yote. Barua, mkono wa kushoto, sentensi. Mpaka keki nikaitaja, sijui kwa nini.

"Keki nilijua," akasema. "Kile kisanduku chake ulikitupa kwenye pipa la kwangu."

"Mama Larona, nisamehe."

"Usiniombe mimi msamaha getini. Jumamosi wajomba wanakutana Kanye. Saa mbili asubuhi. Hicho kilichoandikwa bila jina, uje ukiseme na jina." Geti likaanza kujifunga. Likakwama, kama linavyokwama mvua ikinyesha, tukabaki tunatazamana kwenye uwazi, yeye anabonyeza kitufe, mimi sijui niondoke au nimsaidie kusukuma. Nikamsaidia kusukuma.

Ijumaa, 7 Machi

Tiro amejua. Hakucheka. Akaniuliza tu, "Kwa ajili ya wimbo?" Nimepiga pasi gauni la kesho mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe alikataa niende peke yangu. Alifunga kitambaa kichwani, shali begani, akanifunga na mimi shali kwa mikono yake na kuibana pini shingoni kama mtoto wa darasa la kwanza. Njia nzima mpaka Kanye hakusema neno ila, "Punguza mwendo," na nilikuwa naenda pole pole sana.

Uani kulikuwa na wajomba watano kwenye viti na wanawake wameketi chini kwenye mikeka. Nikakaa chini nimenyoosha miguu kama inavyotakiwa. Mama Larona alikuwa upande wa pili, uso kama ukuta wetu. Tebatso alikuwa mlangoni mwa nyumba, mkono mdomoni.

Mjomba mkubwa, Mzee Seitshiro, akaniambia, "Sema."

Nikasema, kwa sauti ndogo yenye heshima, kwamba ile barua ni yangu, na kwamba haikuwa na ukweli.

Mzee akaweka kiganja sikioni. "Anasemaje?"

Nikasema tena, juu kidogo.

"Barua ya nani?"

"YANGU, MZEE!"

Kuku wakakimbia. Majirani wawili wakaja kusimama kwenye ua wa miti.

"Na kijana alikosa nini?"

"HAKUKOSA KITU!"

"Na binti yetu Keneilwe?"

"HAKUKOSA KITU! MIMI NDIYE NILIKUWA NACHUNGULIA! NILISIMAMA JUU YA NDOO!"

"Juu ya nini?"

"NDOO!"

Mmoja wa wajomba akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Mzee Seitshiro akatikisa kichwa polepole. "Hilo la ndoo halikunifikia vizuri. Rudia." Na mimi, hata sasa ninapoandika, nina hakika mzee yule anasikia kama paka.

Nikarudia. Kisha nikashindwa, nikaanza kulia, kwa sauti ile ile, kwa sababu nilikwisha kuzoea. Nikasema yaliyokuwa kifuani kweli: kwamba kila siku tangu watoto wazaliwe nimekuwa nikimtazama mtoto wa mwenzangu kwanza ili nijue wangu ana thamani gani. Kwamba Wame ana sauti nzuri ya kucheka na sijawahi kuisikiliza. Kwamba kijana mwaminifu alikaa nyumbani wiki mbili kama mwizi kwa sababu mimi nilipenda jinsi sentensi ilivyosomeka.

Ndipo mama mkwe akajikohoza, akainuka kwa fimbo yake.

"Wazee, kuna na mimi. Nami niliandika barua bila jina. Barua tisa. Zangu zilikuwa za kweli, lakini ndizo zilizomfundisha huyu kuandika."

"Mwalimu," akasema Mzee Seitshiro, bila kuweka kiganja sikioni hata kidogo, "na wewe pia?"

"Na mimi pia."

Wanaume wakaenda kuzungumza nyuma ya zizi. Walikaa mpaka jua likawa kali. Waliporudi, Mzee akasema kijana alete watu wake tarehe waliyokuwa wamepanga, na arusi iwe Aprili kama kawaida. Wanawake wakapiga vigelegele. Tebatso akakaa chini palepale mlangoni.

Mzee akamgeukia Mama Larona: "Wewe ndiye uliyechafuliwa. Huyu afanyweje?"

Mama Larona alifikiri. Alifikiri kwa raha, nikiwa nimenyoosha miguu hadi imekufa ganzi.

"Siku ya arusi," akasema, "ataosha matumbo."

Wanawake wote wakasema "Aaa!" kwa pamoja. Watachinjwa ng'ombe wawili.

Jumapili, 9 Machi

Miguu inauma. Mvua. Nimekaa barazani na mama mkwe tangu chai ya saa nne hadi chakula cha mchana. Amenisimulia kuhusu mumewe, jinsi alivyokuwa anakoroma katika ibada. Sikumuuliza kuhusu dawa.

Jumamosi, 29 Machi

Mashindano. Larona aliimba. Nilikuwa nimejitayarisha kutafuta kosa, ni tabia, na halikuwepo. Mtoto yule akiimba unataka kumpigia simu mama yako. Nikatoa leso. Wame alikuwa safu ya nyuma, anatikisa mabega, anafurahi kupita kiasi.

Lakini kwaya ilikuwa imekosa mazoezi wiki mbili. Wa sauti ya pili walitangulia, wa tatu wakapotea kabisa. Tumekuwa wa tano kati ya sita. Njia ya kurudi, Wame na Larona walilala viti vya nyuma vya gari langu, maana Mama Larona gari lake lilizibwa na basi la shule nyingine. Yeye alikaa mbele karibu nami. Aliposhuka akasema, "Asante." Nikasema, "Ameimba vizuri." Akasema, "Najua."

Jumamosi, 12 Aprili

Kanye. Arusi.

Nilifika alfajiri kukipambazuka na nilipewa beseni tatu, kisu, na matumbo ya ng'ombe wawili. Wanawake walipita mmoja mmoja kuja kunisalimia, na kila mmoja alisalimia kwa furaha sana. "Unaendeleaje, Mama Wame?" "Naendelea." "Ndoo unazo za kutosha?" Waliangua kicheko mpaka wakashikana.

Saa moja mikono ilikuwa ya kijani hadi viwikoni. Nilikuwa nimefika utumbo ule mrefu, unaoteleza, usio na mwisho wala mwanzo. Nikiushika hapa unakimbilia kule. Nikaona viatu vya arusi vimesimama mbele yangu. Mama Larona, amevaa gauni la bluu la dada wa bibi arusi, kitambaa kichwani kimesimama kama taji.

Akaitazama mikono yangu.

"Sivyo," akasema.

"Sivyo nini?"

"Hivyo sivyo. Unaanzia katikati. Utumbo unaanzia mwisho, unaugeuza ndani nje, unamwaga maji humu."

"Kwetu tunaanzia katikati."

"Kwenu mnakula mavi?"

Akavua viatu, akaviweka mbali juu ya jiwe. Akabana gauni katikati ya magoti, akachuchumaa mbele yangu, akashika ncha ya pili ya utumbo.

"Gauni lako," nikasema.

"Nimeliona gauni langu. Vuta. Usivute hivyo! Vuta kama mtu aliyezaa."

Nikavuta. Yeye akavuta. Maji yakamruka kifuani, akanitukana, nikamtukana, na wanawake waliokuwa kwenye vyungu wakaacha kukoroga ili wasikie vizuri.